Kabla Mtambo Haujaondoka: Hotuba kwa Kamati za Maji, Othaya



Mimi si mhandisi. Kazi yangu katika kaunti ni habari, na chuoni tulifundishwa kuuliza nani, lini na wapi. Leo nawaletea swali la kumuuliza mchimbaji wa kisima: umemimina nini humo shimoni?

Chini ya mashamba yetu ya chai na kahawa kuna miamba ya volkano, tabaka juu ya tabaka. Maji hukaa kwenye nyufa na katika matabaka laini yaliyo katikati, ambako mara nyingi pia kuna udongo wa mfinyanzi. Mtambo unapochimba kwa hewa, kompresa hupuliza vumbi na mawe hadi juu. Wakati huo presha ya shimoni ni ndogo kuliko ya maji yaliyo mwambani, kwa hivyo maji huingia shimoni na kutoka na uchafu. Wachimbaji wa mafuta nao hutumia kanuni hiyo. Huko Olkaria, visima vya mvuke huchimbwa kwa maji yaliyochanganywa na hewa na povu ili nyufa zisizibe.

Hatari huja kuta zinapoanza kuporomoka. Fundi huzima hewa na kumimina tope la bentonaiti ili kuta zisimame. Presha hugeuka papo hapo. Kwa kuwa nyufa zilikuwa wazi, bila utando wa kuzilinda, tope huingia ndani sana. Kisima kilichotoa maji mengi asubuhi kinaweza kufifia jioni, na watu waseme chini hakuna maji. Yapo, ila njia imezibwa.

Sisemi tope likataliwe. Bila hilo, shimo linaweza kumeza vyuma vyote. Lakini lioshwe mapema, hewa ipulizwe hadi maji yawe maangavu. Kisha pampu ya majaribio, kwa kawaida saa 24, kina cha maji kikipimwa, na kipimwe tena pampu ikizimwa. Hapa ndipo kamati nyingi hushawishika kubana pesa, halafu zinanunua pampu kubwa kwa kisima kidogo.

Malipo ya mwisho yasubiri vipimo hivyo. Mchimbaji hutakiwa kupeleka rekodi ya kisima kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Ombeni nakala ikae kwenye faili yenu.

Nimeona mkono pale nyuma. Karibu, mzee.