Familia Mbele ya Lango: Ulinzi Usiosahau Utu



Tume yetu ya Haki na Amani imetuomba tuzungumze nanyi juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona kuwa dogo. Ni jambo linalotokea langoni, pale familia inapofika mahali pa mkusanyiko, ikakutana na walinzi wa kupekua mizigo na miili, na kwa dakika chache baba, mama na watoto wakagawanywa huku na huku. Tutafuata njia tuliyoizoea katika jumuiya zetu: kuona, kuamua na kutenda.

1. TUNAYOYAONA

Katika hija moja tuliyoiandaa sisi wenyewe, baba mmoja mjane alifika langoni na binti zake wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa miaka minne. Palikuwa na mistari miwili: wanaume kulia, wanawake kushoto. Kijana wa ulinzi akamwambia, "Mzee, watoto wa kike wapite upande ule." Baba akajibu, "Mwanangu, hawa hawana mama. Niko nao mimi." Kijana akasema kwa upole, "Shikamoo, mzee, naelewa. Lakini ndivyo tulivyoagizwa."

Wale watoto walipita mara moja, kwa kuwa hawakuwa na mzigo. Baba yao alizuiwa, maana katika kikapu chake mlikuwa na kisu kidogo cha kumenyea machungwa. Alipomaliza kujieleza na kuingia ndani, binti zake hakuwaona. Mstari wa wanawake ulikuwa umetokea upande mwingine kabisa, nyuma ya mahema ya kwaya.

Walipatikana baada ya Misa, chini ya mwembe karibu na tangi la maji, mkubwa amemshika mdogo mkono. Mama mmoja muuza rozari ndiye aliyewaona na kukaa nao. Yule mkubwa alimwambia baba yake, "Baba, tulikuwa tunakungoja, ila hatukujua pa kukungojea."

Ndugu wapendwa, katika habari hii hatukuona mtu mwovu. Kijana yule alitii. Akina mama waliopekua upande wa pili walifanya kazi yao kwa heshima. Mpango ule wa mistari miwili ulipitishwa mezani kwetu, katika kamati ya maandalizi, na sisi mapadre tulikuwapo. Tulihesabu viti, tulihesabu vyoo, tulihesabu hostia. Hatukuuliza hata mara moja itakuwaje kwa baba mwenye binti, au kwa mama mwenye vijana wa kiume wadogo, au kwa bibi anayeongozwa na mjukuu wake kwa kuwa macho hayaoni.

Tatizo hili si letu peke yetu. Nchini Marekani kuna bustani kubwa za burudani ambazo familia husafiri mbali kuzifikia, kama ile ya Disneyland iliyofunguliwa California mwaka 1955, na Walt Disney World iliyofunguliwa Florida mwaka 1971. Baada ya mashambulio ya Septemba 11, 2001, ukaguzi wa mifuko ulikuwa jambo la kawaida kwenye malango ya mahali kama hapo. Desemba 2015 bustani kubwa za Florida ziliongeza vifaa vya kugundua vyuma, na baadhi ya wageni wakawa wanachaguliwa ili wakaguliwe kwa undani zaidi. Ni rahisi kuona jinsi tatizo linavyozaliwa hapo: akichaguliwa mama, watoto walio mbele yake wanasukumwa na umati kuingia ndani; akichaguliwa mtoto, baba anaambiwa asisimame njiani. Familia iliyokuja kufurahi pamoja inaanza siku yake kwa kutafutana.

Kwa upande mwingine, katika viwanja vya ndege vya nchi hiyo hiyo, mamlaka ya ulinzi huwaeleza wasafiri kwamba mzazi hatatenganishwa na mtoto wake wakati wa ukaguzi. Basi inawezekana. Ikiwa mahali palipo na hofu kubwa kuliko bustani ya michezo pana utaratibu wa kuwaacha mzazi na mtoto pamoja, hatuwezi kusema kwamba usalama unadai watenganishwe.

2. TUNAVYOPIMA MAMBO HAYA

Kwanza, tuseme wazi: hatuukatai ulinzi. Sisi wa Kanisa hatuna haki ya kuudharau. Julai 1, 2012, makanisa mawili ya Garissa, Kenya, yalishambuliwa waamini wakiwa katika ibada. Mei 5, 2013, bomu lilirushwa Olasiti, Arusha, siku ya kuzindua Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, na ndugu zetu watatu wakapoteza maisha. Septemba mwaka huo huo watu 67 waliuawa katika duka kubwa la Westgate, Nairobi. Tangu hapo upekuzi umekuwa sehemu ya maisha yetu, madukani, viwanjani, na hata Namugongo, Uganda, ambako kila Juni 3 mahujaji wa nchi zetu zote hukutana. Anayesimama juani kutupekua anasimama kwa ajili ya uhai wetu, na anastahili shukrani.

Lakini ulinzi una bwana wake, naye ni mtu. Bwana wetu alitufundisha kwamba hata Sabato, siku takatifu, iliwekwa kwa ajili ya mwanadamu. Sembuse mstari wa langoni? Utaratibu unaomlinda mtu dhidi ya bomu na kumpoteza mwanawe umefanya nusu ya kazi.

Tukumbuke pia Injili ya Luka, sura ya pili. Familia Takatifu ilikwenda hija Yerusalemu, Yesu akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Wakati wa kurudi, Maria na Yosefu walidhani yumo katika msafara. Walikwenda mwendo wa siku nzima kabla ya kugundua, na siku tatu zikapita hadi kumwona hekaluni. Tunaitafakari habari hiyo kila tunaposali matendo ya furaha. Je, tumewahi kutafakari usiku ule wa kwanza wa Maria? Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mama wa Mungu aliujua uchungu huo, naye aliupata katika hija.

Mafundisho ya Kanisa yanatuelekeza huko huko. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo wa Pili, katika wosia wake wa kitume Familiaris Consortio, alieleza haki za familia, na mwaka 1983 Kiti Kitakatifu kikatoa Mkataba wa Haki za Familia. Mataifa nayo, katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, yalikubaliana kwamba mtoto asitenganishwe na wazazi wake kinyume cha mapenzi yao, isipokuwa kwa uamuzi halali na kwa faida yake mwenyewe. Kenya iliuridhia mwaka 1990, Tanzania mwaka 1991. Ni kweli kwamba mkataba huo unahusu utengano mzito kuliko ule wa dakika kumi langoni. Lakini roho yake ni moja: anayetaka kuwatenganisha ndiye mwenye wajibu wa kutoa sababu, wala si mzazi anayeomba waachwe pamoja.

Wazee wetu wa Ngara wanayo kumbukumbu nyingine. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakiikimbia Rwanda. Katika umati ule watoto wengi walipoteana na wazazi wao, na kazi ya kuwaunganisha ikachukua miaka, kwa orodha za majina na kwa picha zilizobandikwa ili jamaa wawatambue. Hatulinganishi msiba ule na hija yetu. Tunajifunza jambo moja tu: mtoto mdogo akiulizwa baba yake ni nani, hujibu "Baba". Jina lingine hana. Akiachana na mkono ule, ameachana na anwani yake yote.

Huenda mtu akauliza: je, wakorofi hawawezi kujificha nyuma ya watoto? Wanaweza. Ndiyo maana hatusemi familia zisikaguliwe. Tunasema zikaguliwe pamoja. Tena, kutenganisha kwenyewe kunaleta hatari. Mzazi asiyemwona mtoto wake hugeuka na kurudi nyuma dhidi ya mkondo wa watu, wala hakuna kamba itakayomzuia. Nasi tunajua msongamano unavyoua. Machi 21, 2021, katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, watu 45 walikufa katika umati wa kumuaga Rais Magufuli. Januari 24, 2022, watu 8 walikufa langoni mwa uwanja wa Olembe, Yaoundé, na waziri wa michezo wa Kameruni akataja lango lililokuwa limefungwa. Lango ni mahali pa hatari. Tusiongeze hofu mahali hapo.

3. TUTENDE NINI

Tunapendekeza haya kwa kila parokia inayoandaa hija, upadrisho, jubilei au kongamano:

a) Pawe na mstari wa familia, wenye mpekuzi mwanamume na mpekuzi mwanamke bega kwa bega. Hivyo heshima ya mwili inalindwa, na familia haigawanywi.

b) Mtoto apekuliwe mbele ya macho ya mzazi wake. Mzazi aliye peke yake akaguliwe watoto wakiwa wamesimama kando yake. Asipite mmoja mpaka wote wamekwisha.

c) Ikiwa mzigo una tatizo, familia nzima isogezwe pembeni pamoja, kivulini kama kipo.

d) Mistari yote itokee mahali pamoja, penye alama inayoonekana kwa mbali.

e) Pawe na hema la watoto waliopotea, lenye walezi wawili wanaofahamika parokiani, na mmoja awe mwanamke. Mtoto asikabidhiwe kwa mtu yeyote mpaka imehakikishwa kwamba ni wake.

f) Wazazi waweke karatasi yenye namba ya simu mfukoni mwa mtoto. Isitundikwe shingoni, maana mgeni akilisoma jina la mtoto atamwita kwalo.

g) Kabla ya kuingia, kila familia ipatane: tukipoteana, tutangojana wapi? Binti yule wa miaka saba alitufundisha sisi sote hitaji hili.

h) Walinzi wafundishwe mapema, na waruhusiwe kusikiliza. Kijana yule alielewa maneno ya baba, ila hatukumpa ruhusa ya kutenda alivyoelewa. Tuliomfunga mikono ni sisi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika jumuiya yetu kuna familia ambazo hukwama kila penye mistari miwili? Tuzitaje hali zao bila kuwaaibisha.
2. Ni taratibu gani nyingine za parokia yetu tulizozipanga bila kumfikiria mtoto, mjane, kipofu au mkongwe?
3. Katika sherehe ijayo, nani atasimama kwenye mstari wa familia? Tumchague leo.

Ndugu wapendwa, yule baba amekuja tena hija mwaka uliofuata. Tulipomwomba msamaha, alisema, "Padre, mimi nimesamehe. Ila mdogo bado hataki kuuachia mkono wangu penye watu wengi." Tunayabeba maneno hayo. Msamaha wake ni zawadi. Mkono ule wa mtoto ni deni letu.

Familia Takatifu ya Nazareti, iliyopoteana na kuonana tena, ituombee. Na Mungu Mwenyezi awabariki, ninyi na watoto wenu. Amina.