Tembe Inapokataa Kupita Kooni

Mama mmoja wa hapa Shauri Moyo alikuja kliniki, akafungua kitambaa mezani kwangu. Ndani mlikuwa na tembe za kifua kikuu, zimefifia rangi. Alizipata chini ya godoro la kijana wake wa miaka sita. Kila jioni alikuwa akimbana pua ili afungue mdomo, naye kijana anaificha tembe shavuni. "Sista, huyu ni mkaidi tu," akaniambia.

Mama, huo si ukaidi. Tangu utotoni tumezoea kutafuna kitu kigumu kabla ya kumeza. Kikigusa nyuma ya ulimi kikiwa kizima, koo hujikaza na mtoto hutaka kutapika. Hiyo ni kinga ya mwili tusipaliwe. Hofu nayo hukausha mate, tembe inang'ang'ania ulimini na uchungu wake unatoka. Aliyewahi kupaliwa mara moja humwona mama akishika kikombe tu, koo linafunga.

Kumbana pua ni hatari. Mtoto anayelia huvuta pumzi kwa nguvu, na tembe inaweza kuingia njia ya hewa. Mwaka 2007 nchini Ethiopia, watoto wanne wa chini ya miaka mitatu walikufa kwa kupaliwa na tembe za minyoo wakati wa kampeni ya kugawa dawa. Watoto wa umri huo huandaliwa tembe ya minyoo kwa kuipondaponda na kuichanganya na maji, na akikataa halazimishwi.

Sasa nirudi kwa zile tembe za kwenye kitambaa. Nilipozitazama, zilikuwa za kuyeyushwa! Kenya ilianza kuzitumia nchi nzima mwaka 2016, zina ladha ya matunda, lakini aliyempa mama huyu hakumweleza. Unaziweka katika maji safi kidogo, zinayeyuka, mtoto anakunywa papo hapo. Kisha unasuuza kikombe, naye anakunywa hayo pia. Zinki ya kuhara ni vivyo hivyo, hata katika maziwa ya mama yaliyokamuliwa.

Lakini usiponde kila dawa. Zile za kutoa nguvu yake polepole, kama baadhi ya dawa za presha na sukari, ukizisaga zinaingia mwilini kwa mkupuo. Tembe za Ukimwi za lopinavir na ritonavir zikipondwa hupungua nguvu. Uliza kwanza. Na usimwambie mtoto kwamba dawa ni peremende, maana siku moja atazitafuta mwenyewe.

Kwa nyanya aliyelala kitandani, mketishe wima. Anywe funda la maji kwanza, ndipo ameze tembe kwa maji ya kutosha, na abaki ameketi. Tembe ya kuongeza damu ikikwama inaweza kuchoma umio, kwa hivyo nawe mja mzito usiimeze kavukavu ukikimbilia Burma sokoni. Kapsuli huelea majini. Ukiwa nayo mdomoni, inamisha kidevu kifuani kisha umeze.

Kijana yule tulimwongezea siku za dawa alizozikosa. Siku hizi anakoroga mwenyewe kwa kijiko, na mama yake anasubiri kikombe tu.