Fataki za Diwali Katika Zama za Korona

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na majirani wa hekalu, Mombasa, Septemba 2021)



Nimepewa heshima ya kusema machache juu ya swali ambalo wengi wenu mmeniuliza dukani: je, Diwali hii fataki zitarushwa? Mimi ni muuza vifaa vya ujenzi, na elimu yangu iliishia sekondari; sina utaalamu wa maradhi wala wa baruti. Lakini kwa miaka 15 nimekuwa katika kamati inayomkodi fundi wa fataki. Jibu ninalo, na ninalo pia jambo la kuungama.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Machi 2020 nyumba za ibada zilifungwa, na amri ya kutotoka nje usiku ikaanza. Julai, ibada iliporuhusiwa tena, ilikuwa kwa watu wasiozidi 100 na kwa muda wa saa moja, na waliopita miaka 58 walitakiwa kubaki nyumbani. Nami nimo katika hao. Diwali ya tarehe 14 Novemba niliwasha diya kizingitini, nikatazama juu kwa mazoea, na anga lilikuwa giza tupu.

Sasa niungame. Kabla ya maradhi kufika kwetu, tulikuwa tumekwisha kumpa fundi wetu arubuni ya Diwali ile. Mikusanyiko ilipopigwa marufuku, kamati ilikaa kuijadili fedha ile, nami nikawa wa kwanza kusema: shughuli haipo, fedha irudi. Fundi hakubisha. Nusu aliirudisha wiki ile ile, na nusu ya pili baada ya miezi 3. Baadaye nilimkuta sokoni akiuza barakoa, na ndipo nilipojua kwamba alikuwa ameuza gari lake la mizigo, lile lililokuwa likibeba mirija ya kurushia fataki, ili atulipe sisi. Kwetu fedha ile ilikuwa gharama ya karamu moja. Kwake ilikuwa chombo cha kazi. Haki yetu tuliipata, lakini sikuona fahari.

Ndugu zangu, kazi yake haifanani na yangu. Saruji isiponunuliwa Juni, hununuliwa Julai. Fundi wa fataki huishi kwa siku chache za mwaka: Diwali, mkesha wa mwaka mpya, na harusi za wenye uwezo. Hulazimika kuagiza mapema, kwa kuwa Uchina ndiyo mtengenezaji mkuu wa fataki duniani, hasa mji wa Liuyang katika jimbo la Hunan, nazo husafirishwa kwa meli kama shehena ya hatari. Zikifika huhitaji ghala salama na kavu, kwani baruti na unyevu wa pwani havipatani. Usiku mmoja ukifutwa, gharama zote hubaki palepale. Na ujuzi wenyewe, wa kupima upepo, kulaza mrija kwa pembe inayofaa, na kuweka umbali baina ya watu na moto, hupatikana kwa kusimama miaka mingi kando ya aliyetangulia. Fundi akiiacha kazi, huondoka na ujuzi wake.

Tena, mafundi wakiondoka moto hauondoki. Marekani mwaka 2020 maonyesho mengi ya tarehe 4 Julai yalifutwa, lakini watu walinunua fataki madukani kwa wingi usio wa kawaida, wakaziwasha katika nyua zao. Baruti ikatoka mikononi mwa mafundi ikaingia mikononi mwa wasio mafundi. Mzazi yeyote hapa anajua maana yake.

Wako waliotafuta njia ya kati. Mjini New York mwaka ule fataki zilirushwa kwa siku kadhaa katika sehemu mbalimbali, dakika 5 tu kila mara, bila kutangaza mahali mapema, ili umati usikusanyike. London, mkesha wa mwaka 2021, watu walizuiwa kwenda mtoni wakatazama kwenye televisheni. Sydney nao walizirusha usiku wa manane, huku wananchi wakiombwa kubaki nyumbani. Wote hao walitambua kwamba hatari imo katika umati, na kwamba kilicho angani huonekana hata kutoka mbali.

Lakini tusijifiche nyuma ya hoja nzuri. India, nchi ya babu zetu, sehemu kadhaa zilipiga marufuku fataki Diwali ya 2020, ukiwemo mji mkuu Delhi, kwa kuwa moshi huumiza mapafu, na korona nayo huyashambulia mapafu hayo hayo. Mombasa ina upepo wa bahari ambao Delhi haina, lakini jirani mwenye pumu hapumui takwimu za upepo. Lazima naye ahesabiwe.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Tarehe 4 Novemba, kibali cha serikali kikipatikana, fataki zirushwe dakika 10 tu, saa 2 usiku, ili kila mtu awe ndani kabla ya saa 4, saa ya kafyu. Saa tuitangaze, mahali tusipatangaze. Kila familia itazame kutoka kwenye paa au dirisha lake. Nyumba zilizo karibu na mahali penyewe tuziendee wenyewe wiki moja mbele, tubishe hodi, tuulize kama kuna mgonjwa wa kifua au mtoto mchanga. Akiwapo, tusogee mbali. Na kibali kikikosekana, arubuni isirudishwe: ibaki kwa fundi hadi Diwali ya 2022.

Hali ya mbele siioni kuwa nyepesi. Hata maradhi yakipungua, maonyesho yatakuwa mafupi, na mafundi watakuwa wachache kuliko zamani. Watakaosalia watasalia kwa sababu wateja wao waligawana nao hasara.

Wiki iliyopita nilimwendea fundi wetu nyumbani kwake, nikamwomba radhi. Alinikaribisha chai, tukazungumza habari za watoto. Nilipoinuka kuaga, aliniuliza jambo moja tu: “Mzee, safari hii mambo yakiharibika, mtanijia tena kudai?”

Nilimwambia kwamba jibu si langu peke yangu, na kwamba nitalifikisha swali lake kwenu. Nimelifikisha.