Ukanushaji wa Mauaji ya Kimbari: Lugha, Sheria na Uhuru wa Kusema

Swali linalojadiliwa katika mhadhara huu ni hili: je, sheria inayoharamisha kukanusha mauaji ya kimbari hudhuru uhuru wa kusema? Aghalabu swali hili huachiwa wanasheria. Hata hivyo, wanaisimu wana sehemu yao, kwa kuwa kosa linaloadhibiwa ni tendo la lugha, na hakimu hulazimika kwanza kubaini ni nini hasa kilichosemwa.

Miongoni mwa Wakurya wa mkoa wa Mara, wakiwamo wa Machochwe wilayani Serengeti, mashauri mazito yalijadiliwa katika mkutano wa hadhara uitwao iritongo. Katika mkutano wa namna hiyo, anayekana hujibiwa papo hapo na watu wanaomjua. Lakini mambo hubadilika pale mashahidi wanapokuwa wameuawa, na maneno yakawafikia wasiomjua msemaji wala marehemu.

Uzito wa maneno ya aina hiyo ulidhihirika upande wa pili wa hifadhi ya Serengeti, jijini Arusha, ilikokuwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama hiyo iliwatia hatiani watu watatu katika kesi ya vyombo vya habari. Ilielezwa humo jinsi neno inyenzi, yaani mende, lilivyotumiwa kuwataja Watutsi. Tarehe 16 Juni 2006 majaji wa rufani waliamua kwamba mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 ni jambo linalojulikana kwa wote, lisilohitaji kuthibitishwa upya mahakamani.

Hapo ndipo wanaotetea sheria wanapopata nguvu. Anayekanusha humfanya manusura kuwa mwongo katika msiba wake mwenyewe, na huyarudishia uhai maneno yaliyotangulia mapanga. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa.

Tatizo huanza sheria inapotafuta maneno ya kulieleza kosa. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2008 kuhusu itikadi ya mauaji ya kimbari ilijumuisha hata kejeli na kucheka msiba wa mtu. Ufafanuzi mpana kiasi hicho humwacha msemaji asijue mpaka uko wapi. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 2013 na tena mwaka 2018.

Kesi ya mwanasiasa Victoire Ingabire inafaa kuchunguzwa. Mwezi Januari 2010, katika kumbukumbu ya Gisozi, Kigali, aliyakiri mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kisha akasema kwamba Wahutu waliotendewa jinai dhidi ya ubinadamu nao wakumbukwe. Mwaka 2013 Mahakama Kuu Kabisa ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha miaka 15 kwa makosa kadhaa, mojawapo likiwa kupunguza uzito wa mauaji hayo. Mwezi Novemba 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilikubali kwamba Rwanda, kwa historia yake, ina haki ya kuwa na sheria hizo. Hata hivyo, iliamua kwamba maneno ya Gisozi hayakufikia kiwango cha kukanusha, na kwamba uhuru wake wa kusema ulikiukwa. Alitoka gerezani mwaka 2018 kwa msamaha wa rais.

Kisarufi, “hayakutokea” na “pia yalitokea mengine” ni kauli mbili tofauti. Ya kwanza inakanusha. Ya pili haina maana isipokubali kwanza kwamba yale ya awali yalitokea. Lakini haifai kusahau kwamba “pia” inaweza kutumiwa kusawazisha visivyolingana, hadi kosa kubwa likayeyuka ndani ya makosa mengine. Kamusi haiwezi kutenganisha matumizi hayo mawili. Hutenganishwa na muktadha: nani kasema, wapi, lini, mbele ya nani, na kwa kusudi gani.

Kwa hiyo, si kila sheria ya aina hii hudhuru uhuru wa kusema. Inayodhuru ni ile inayoadhibu neno bila kusikiliza sentensi. Sheria ifungwe kwenye kauli inayofuta tukio lililothibitishwa kwa kusudi la kuchochea chuki. Anayesema “pia” ajibiwe hadharani, kama ilivyo katika iritongo. Pingu si jibu lake.