Pumzi ya Mizizi: Kwa Nini Mpunga Hustahimili Maji na Mahindi Hufa

(Mazungumzo kwa wakulima wa mabondeni)



Mvua za masika zikizidi, kama zilivyozidi katika Kenya mwaka 2024, mkulima wa bondeni huona jambo la kushangaza. Mahindi yake yamesimama ndani ya maji, lakini majani yanageuka manjano kuanzia chini, na jua likiwa kali yananyauka kana kwamba ni kiangazi. Hatua chache kutoka hapo mpunga umesimama katika maji yale yale, nao ni kijani kibichi. Wengi husema kwamba udongo umekwisha nguvu, na wengine hukimbilia kununua mbolea. Nataka kuwaelezeni leo kwamba shida ya kwanza ya mahindi hayo si njaa. Yamekosa pumzi.

Watu wengi hudhani kwamba mmea hupumua kwa majani tu. Sivyo. Mzizi nao ni kiungo hai, nao hutumia oksijeni usiku na mchana ili upate nguvu za kukua na za kuvuta maji na chumvi za udongoni. Katika udongo mzuri hewa hukaa katika nafasi ndogo ndogo zilizo kati ya chembe za udongo. Mvua ikizidi, maji huzijaza nafasi hizo, na oksijeni hupenya ndani ya maji kwa shida sana, yapata mara 10,000 polepole kuliko inavyopita hewani. Ile kidogo iliyobaki humalizwa upesi na mizizi na vijidudu vya udongoni, na mahali penye joto huweza kwisha kwa siku moja au mbili. Maji yakizidi kukaa, udongo hugeuka kijivu, na pengine hutoa harufu ya mayai viza. Mzizi uliokosa oksijeni hauna nguvu ya kuvuta maji, na ndiyo sababu mahindi huona kiu huku yamesimama majini.

Je, mpunga hufanyaje? Ndani ya majani, shina na mizizi yake mna nafasi tupu zilizoungana kama mabomba membamba. Wataalamu huziita aerenkima. Hewa huingia juu, ikateremka ndani ya mmea wenyewe mpaka kwenye ncha ya mzizi uliozikwa katika tope. Tena sehemu ya nje ya mzizi hujikaza, hata hewa isivuje njiani kabla ya kufika nchani. Mtu wa Mwea au wa Ahero aweza kuyathibitisha haya bila chombo chochote. Na ang'oe shina moja la mpunga, aoshe mizizi yake taratibu, ataona mingi imepakwa rangi nyekundu ya kutu. Chuma kilichomo katika tope kimekutana na oksijeni iliyotoka ndani ya mzizi, kikashika kutu kama jembe lililoachwa mvuani.

Mpunga hauko peke yake. Nduma, mafunjo ya Ziwa Viktoria na mayungiyungi yote yana nafasi za namna hiyo. Watoto wakate kikonyo kirefu cha yungiyungi, wazamishe upande mmoja katika karai la maji na kupuliza upande wa pili, mapovu yatatoka. Na watu wa Pwani wanaijua mizizi ya mchu inayosimama juu ya tope kama penseli, na ile minene zaidi ya mlilana. Hiyo ndiyo pua ya mti. Mwaka 1955 mtaalamu mmoja, Scholander, pamoja na wenzake walieleza jinsi walivyoziba kwa mafuta mazito vitundu vya mizizi ya miti ya jamii ya mikoko. Oksijeni katika mizizi iliyozikwa chini ikapungua.

Sasa nafasi hizi hutokeaje? Katika mimea mingine seli huachana kidogo kidogo zinapokua. Katika mingine baadhi ya seli hufa kabisa na kuacha uwazi. Mpunga huanza kazi hiyo hata kabla maji hayajaja. Mahindi, kwa kawaida, hungoja mpaka yamefikiwa, na habari yake ni ya ajabu kidogo.

Kila mwenye migomba anajua kuvundika ndizi. Ndizi hutoa hewa iitwayo ethilini, na ikizuiliwa ndani ya chungu au chini ya majani huzidi kukusanyika, ndizi zikaiva upesi. Mizizi nayo hutengeneza ethilini. Udongo ukiwa mkavu hewa hiyo hutoroka. Maji yakiufunika haipati njia, hukusanyika ndani ya mzizi. Mwaka 1979 wataalamu Drew, Jackson na mwenzao walionyesha kwamba hiyo ndiyo ishara inayouambia mzizi wa mahindi ufungue nafasi za hewa, na kulifanya shina litoe mizizi mipya karibu na uso wa udongo. Mzizi kama huo ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini huonekana kama gurudumu la baiskeli: katikati kitovu, kisha njiti, na kati ya njiti uwazi.

Basi mbona mahindi hufa? Kwa sababu yamechelewa, na tena mabomba yake yanavuja; hayana ukuta ule unaouzuia mzizi wa mpunga usipoteze hewa. Mahindi machanga huathirika zaidi, maana mpaka yafikie majani sita hivi, kitovu cha kukua bado kiko chini ya udongo. Yakifunikwa kabisa kwa zaidi ya siku mbili mpaka nne, mengi hayaponi. Katika Nicaragua kuna ndugu wa porini wa mahindi anayeota mahali pa mafuriko, mwenye mabomba tayari na ukuta pia, na watafiti wa Japani wamekuwa wakimchanganya na mahindi ya shambani.

Wakati huo huo, mwenye shamba la udongo mweusi unaonata asingoje mawingu. Na apande juu ya matuta, na mifereji ichimbwe kufuata mteremko mpaka ipate pa kumwagia maji, si kwenye shamba la jirani. Maji yakisimama, azibue mifereji kwanza. Mbolea iliyomwagwa juu ya maji hupotea bure. Yakiisha kutoka, amwulize Bwana Shamba kama inafaa kuongeza kidogo, kwa kuwa mafuriko huondoa naitrojeni nyingi udongoni. Na ile kona ambayo hujaa maji kila masika, ipandwe nduma au mpunga.