Mvuvi Hali Changu

Mashua zikirudi asubuhi kwenye fuo za Kinondo na Gazi, Kwale, changu na tafi hupimwa, hununuliwa, na wengi huishia jikoni mwa mahoteli ya Diani. Aliyevua huenda akarudi kwake na vidagaa tu.

Wapemba wamevuka bahari kuja pwani hii ya Kenya tangu zamani, na wengine walikimbilia huku baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Wamakonde walitoka Msumbiji kuanzia miaka ya 1930 kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa 1988, vibarua vikaota nyasi.

Kwa kuwa hawakutambuliwa kuwa raia wa Kenya, Wapemba na Wamakonde wote walikwama kwenye kitambulisho. Bila hicho hupati leseni ya uvuvi, laini ya simu kwa jina lako, M-Pesa, wala mkopo wa nyavu. Mvuvi hodari akabaki kuvulia chombo cha tajiri, na tajiri ndiye apangaye bei. Deni likishakatwa, kinachobaki hununua unga wa kupimiwa, na wa kupimiwa huenda ukawa ghali kuliko wa mfuko. Hapo ndipo umaskini unapoingia chunguni.

Unga ukikosekana huliwa muhogo. Hushibisha, lakini kila gramu 100 zina protini ya gramu 1 hivi. Mtoto wa miaka miwili anayeshindia muhogo na chai ya mkandaa hujaa tumbo huku mwili ukidumaa. Kusi ikivuma na bahari ikichafuka, hata vidagaa huadimika.

Oktoba 2016 Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia, wakaupata. Wapemba walisubiri hadi 2023. Haki hiyo ilichelewa mno, maana watoto walikuwa wakikua miaka yote hiyo. Wala kadi haikuwanunulia mashua. Wengi wangali wanavulia wenzao.

Mzazi mwenye kipato kidogo anaweza kutia dagaa wakavu waliosagwa kwenye uji wa mtoto. Kunde zafaa, na kisamvu pia, mradi kitwangwe na kuchemshwa sana. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 apimwe mzunguko wa mkono kwa ule utepe wa wahudumu wa afya wa jamii. Ukiwa chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali: apelekwe zahanati siku hiyohiyo.