Nyota wa Televisheni Naye ni Mfanyakazi

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mjini Kayanga mbele ya walimu na watumishi wa umma wa wilaya za Karagwe na Kyerwa.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo kwa haraka laweza kuonekana kuwa liko mbali nasi. Je, mtu maarufu wa televisheni akimpiga mwenzake kazini, akimtukana msaidizi wake, au akimtaka kimapenzi binti aliyekuja kujifunza kazi, achukuliwe hatua kama mfanyakazi mwingine yeyote, au aachwe kwa sababu watu wanampenda?

Jibu langu nalitoa mapema. Achukuliwe hatua ile ile, kwa utaratibu ule ule. Isizidi wala isipungue. Lakini jibu lisilo na sababu ni amri tu, na sisi hatukukutana hapa kupeana amri. Kwa hiyo tutazame sababu zake, kisha tujiulize jambo hili linatuhusu nini sisi tulio huku, karibu na Mto Kagera, mbali na studio za Dar es Salaam.

Wengi wetu tulikulia katika enzi ya redio. Tangu mwaka 1965 Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa chombo cha Serikali. Sauti ya mtangazaji ilifika Murongo, ikafika Nyaishozi, na mwenye sauti hiyo akajulikana nchi nzima. Hata hivyo, kazini mtu huyo alikuwa mtumishi wa umma, chini ya kanuni zilizomhusu pia karani wa masjala. Mwaka 1994 Tanzania Bara ilianza kupata vituo vya televisheni vya watu binafsi, na mambo yakabadilika. Sura ya mtangazaji ikawa bidhaa. Mwenye kuuza sabuni au simu hutafuta kipindi chenye watazamaji wengi, na watazamaji humfuata mtu wanayemtaka. Kituo kikaanza kumhitaji mtu mmoja kuliko mtu huyo anavyokihitaji kituo. Hapo ndipo penye hatari. Wazee walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Tuanze na jirani zetu wa Kenya. Mwezi Machi 2021, watangazaji watatu wa kipindi cha asubuhi cha kituo cha Homeboyz Radio cha Nairobi, Shaffie Weru, Neville Muysa na Joe Mfalme, walizungumzia hewani habari za mwanamke aliyedaiwa kusukumwa na mwanamume kutoka ghorofa ya juu, akanusurika kufa akiwa na majeraha makubwa. Badala ya kumhurumia, walimtupia lawama yeye. Wananchi walikasirika. Kampuni ya East African Breweries ikatangaza kusimamisha matangazo yake katika kituo hicho. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikakisimamisha kipindi kwa miezi sita na kukitoza kituo faini ya shilingi milioni moja za Kenya. Watangazaji wote watatu wakaachishwa kazi. Yote hayo yalitokea katika siku chache tu.

Ndugu zangu, mambo mawili yaonekana hapo. La kwanza ni kwamba nyota hatendi kosa akabaki nalo peke yake. Kipindi kikifungwa, fundi mitambo, mtayarishaji na dereva wote huingia katika mashaka, hali wao hawakusema neno. Hata hapa nchini, Januari 2021 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilisimamisha matangazo ya Wasafi TV kwa sababu ya onyesho la msanii mmoja jukwaani. Adhabu iliangukia kituo kizima. La pili ni kwamba, pale Nairobi, hatua zilikuja huku wananchi wakipiga kelele na fedha za matangazo zikiondoka. Je, makosa ambayo hayasikiki hewani, yanayotendwa nyuma ya kamera na dhidi ya mtu asiyejulikana, ni nani atakayeyapigia kelele? Haki inayongoja hasira ya umma na uamuzi wa mfadhili ni haki ya kubahatisha.

Kwa makosa ya aina hiyo, hebu tutazame Uingereza, ambako mambo haya yamechunguzwa na taarifa zake kutolewa hadharani. Jeremy Clarkson alikuwa mtangazaji mkuu wa kipindi cha magari cha Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, kiitwacho Top Gear. Kipindi hicho kiliuzwa katika nchi nyingi na kuliletea shirika fedha nyingi. Mwezi Machi 2015, baada ya kazi ya siku nzima, Clarkson alifika hotelini akakuta hakuna chakula cha moto. Akamtukana mtayarishaji wa kipindi kwa muda mrefu, kisha akampiga, hata mtu huyo akaenda hospitali. Shirika likamsimamisha Clarkson kazi, likaunda uchunguzi, likasikiliza pande zote. Wakati huo huo watu zaidi ya milioni moja walitia sahihi ombi la kutaka arudishwe. Lakini Mkurugenzi Mkuu, Tony Hall, alikata shauri kwamba mkataba wake hautaendelezwa, akaeleza kuwa haiwezekani kuwapo sheria moja kwa wakubwa na nyingine kwa wadogo.

Sitaki tulipite upesi suala la ombi lile. Watu milioni moja walimtetea aliyepiga. Aliyepigwa hakuwa na milioni moja. Aliyekuwa naye ni mwajiri wake tu, na kama mwajiri angehesabu vichwa, mnyonge yule angeshindwa kabla ya kusikilizwa. Wengine walimwandama kwa matusi kana kwamba kosa lilikuwa lake. Mwezi Februari 2016 Clarkson alimwomba radhi, na mtayarishaji akalipwa fidia ya zaidi ya pauni 100,000. Je, Clarkson aliangamia? La hasha! Mwaka ule ule wa 2016 alionekana katika kipindi kipya cha kampuni nyingine. Basi wale wanaosema kwamba kumwadhibu nyota ni kukiua kipaji wajue kuwa kipaji hakifi kwa kufundishwa adabu.

Shirika hilo hilo lilikuwa limekwisha kujifunza kwa uchungu. Jimmy Savile alitangaza katika redio na televisheni yake kwa miaka mingi, akafa mwaka 2011 akiwa anaheshimiwa. Baada ya kifo chake ikajulikana kwamba alikuwa amewadhulumu kimwili watu wengi, wakiwamo watoto. Taarifa ya uchunguzi ya jaji mstaafu, Bibi Janet Smith, iliyotolewa Februari 2016, ilihesabu watu 72 walioathirika kwa matendo yake yaliyohusiana na kazi zake za BBC. Ilieleza pia kwamba wafanyakazi wa chini walikuwa na fununu, lakini waliogopa kusema, kwa kuwa nyota alionekana hagusiki. Tazameni gharama ya kunyamaza. Kosa la kwanza lililofumbiwa macho lilifungua mlango wa mengine, na mwisho wake mkosaji alikwenda kaburini bila kujibu swali.

Hapa kwetu sheria zipo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya usumbufu wa kijinsia kuwa kosa la jinai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inauhesabu unyanyasaji kuwa ni ubaguzi unaokatazwa kazini. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamshika mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo au haki nyingine. Hakuna hata moja kati ya sheria hizo iliyoandika kwamba watu maarufu hawamo.

Lakini sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Sheria hiyo hiyo ya Ajira, katika kifungu cha 37, inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi aonyeshe sababu ya kweli na ya haki, na kwamba utaratibu wa haki ulifuatwa. Kwa hiyo nyota naye asihukumiwe kwa uvumi wa barabarani. Watu maarufu wana maadui, na wapo wanaoweza kuwazulia. Aelezwe tuhuma kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, ushahidi upimwe, na adhabu ilingane na kosa. Neno chafu lililosemwa mara moja si sawa na ngumi, wala ngumi si sawa na kumdhulumu mtoto.

Wengine watasema kwamba nyota si mwajiriwa, ni mtu wa mkataba, hivyo kanuni za kazi hazimhusu. Huo ni mwanya, na yafaa uzibwe. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu huhesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kwa mfano anafanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine. Na hata pale ambapo kweli ni mkataba tu, nani amemzuia mwenye kituo kuandika sharti la mwenendo katika mkataba huo?

Sasa tuje nyumbani. Sisi wa Karagwe na Kyerwa tunalijua neno butura. Mkulima mwenye shida ya ada au dawa huuza kahawa yake ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa. Mavuno yakiwadia, anatazama gunia likibebwa na mwingine. Kijana wetu anayekwenda Bukoba, Mwanza au Dar es Salaam kujifunza kazi ya utangazaji hufanyiwa butura ya namna nyingine. Huambiwa: vumilia, nyamaza, huyu bwana ni mkubwa, kesho utaajiriwa. Anauza heshima yake ingali ua kwa ahadi ya kazi ambayo huenda asiipate. Huyo ni mtoto wa nani? Ni mwanafunzi wako wewe mwalimu. Wewe ndiwe uliyemwambia kuwa elimu ni ufunguo.

Wala tusidhani kuwa nyota huonekana katika televisheni tu. Kila mahali pa kazi pana nyota wake. Yupo mwalimu ambaye wanafunzi wake hufaulu kila mwaka, na kwa sababu hiyo hakuna anayethubutu kumwuliza juu ya lugha anayowatolea wenzake. Yupo mganga hodari ambaye wauguzi humwogopa. Yupo ofisa ambaye bila yeye taarifa ya robo mwaka haikamiliki. Hoja ya kuwalinda ni ile ile: tutapata wapi mwingine kama yeye? Kumbe mwalimu wa kawaida akikosa, Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, haimuulizi amefaulisha wangapi. Inamuuliza alitenda nini. Ndivyo inavyopaswa kuwa kwa kila mtu.

Wazo hili si la kuazima. Mwongozo wa TANU wa Februari 1971, katika ibara ya 15, ulikataza viongozi kuwa na majivuno na dharau, na wafanyakazi wa viwanda wakaitumia ibara hiyo kuwakataa mameneja waliowatukana. Wafanyakazi wale hawakuwa wakidai mshahara tu. Walidai waheshimiwe. Hivyo Watanzania walikwisha kusema miaka mingi iliyopita kwamba ustadi wa kazi haumpi mtu ruhusa ya kumdharau mwenzake.

Basi tufanye nini? Kwanza, mwalimu au ofisa anayempeleka kijana kwenye mafunzo ya kazi amweleze mapema haki zake, na amtajie mtu wa kumwendea akionewa, mtu ambaye si yule bwana anayemsimamia. Pili, katika ofisi na shule zetu, malalamiko ya mdogo dhidi ya mkubwa yaandikwe, yapewe tarehe ya kujibiwa, na mlalamikaji asihamishwe kituo kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Tatu, tunapowapongeza hodari wetu, tuwapongeze kwa kazi waliyoifanya, tusiwape cheti cha kutoulizwa. Nne, darasani tuwafundishe watoto kwamba inawezekana kupenda kipindi cha mtu na papo hapo kutaka ajibu kwa matendo yake. Mapenzi ya mtazamaji si hukumu ya mahakama.

Ndugu zangu, tumezoea kusema kwamba cheo ni dhamana. Umaarufu nao ni dhamana, tena nzito kuliko cheo, kwa sababu cheo hutolewa na mwajiri mmoja, bali umaarufu hutolewa na umma. Anayeutumia kumwumiza asiyejulikana ameuvunja uaminifu wa wale wote waliompa. Aulizwe, ajibu, na akipatikana na kosa, aadhibiwe kama mfagizi wa studio ile ile angeadhibiwa.